Kichupa Namba Kumi na Tisa

Mtoto umleavyo sivyo akuavyo. Wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakumlea Ainebyona.

Avelina alimlea mwanawe kama kadi ya kliniki inavyotaka. Alimnyonyesha kila alipolia, na hata asipolia. Alimpeleka kwenye chanjo zote. Alipofikisha miezi sita alimpikia uji wa lishe, akamsagia karanga, akampondea matoke na maharage mpaka yakawa laini kama samli. Mtoto alijaa mashavu. Alicheka na kila mtu. Kichwa chake kilikua, tena kilikua sana. Lakini mikono na miguu ilibaki mifupi, nyama imejikunja juu yake kama soksi zilizoshuka.

Kijiji kizima cha Nyakasimbi kilikuwa na jibu.

"Ulikula mayai ulipokuwa na mimba," alisema mwanamke mmoja kisimani.

"Ulimcheka mtu mfupi sokoni," alisema mwingine.

"Kondo lake lilizikwa kwenye mgomba usio wake," alisema Kokushubira, mama mkwe wake. "Nilisema mapema. Hakuna aliyenisikia."

Avelina alikuwa akimenya ndizi. Aliweka kisu chini.

"Mama, wewe ndiye uliyelizika."

"Ndiyo. Lakini nani alinionyesha mgomba?"

Avelina alichoka. Alichoka kisimani, alichoka kanisani, alichoka jikoni kwake mwenyewe. Mume wake, Yustus, alifanya kazi ya kupakia na kushusha mizigo mpakani, Murongo. Alirudi nyumbani kila Jumamosi. Kila Avelina alipompigia simu kumwomba shauri, alijibiwa kwa maneno yale yale.

"Mama amesemaje?"

"Nimekuuliza wewe, Baba Aine."

"Najua. Lakini Mama amesemaje?"

Basi Avelina akaacha kuuliza. Jumatatu moja alimbeba mtoto, akapanda bodaboda, akaenda hospitali Kayanga.

Daktari alimpima Aine. Akampiga picha za mifupa. Damu kidogo ilichukuliwa, ikapelekwa mbali. Wiki zikapita. Jibu liliporudi, Avelina aliitwa na Nesi Benitha, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Hali hii inaitwa akondroplasia," alisema Nesi. "Jina ni refu, usihangaike nalo. Shika maana yake."

"Maana yake nini?"

"Mwili wa mtoto hujengwa kwa maelekezo. Ni kama barua ndefu sana iliyoandikwa ndani ya mwili. Katika barua ya Aine, herufi moja imebadilika. Herufi hiyo inaiambia mifupa ya mikono na miguu ipunguze kukua."

"Nani aliibadilisha? Kijijini wanasema ni mayai, ni kicheko, ni mgomba."

"Hakuna mtu. Ilibadilika yenyewe kabla hajazaliwa. Wazazi wengi wa watoto hawa ni watu warefu kama wewe. Si mayai. Si kicheko. Si mgomba."

Avelina akasema, "Nesi, tafadhali niandikie hayo kwenye karatasi. Hasa la mgomba."

Nesi alicheka, lakini aliandika. Kisha akaendelea.

"Akili yake ni nzima. Atasoma, atalima, ataoa akitaka. Ufupi si aibu. Lakini watoto hawa wana hatari zao. Wengine pumzi hukatika usingizini. Wengine masikio huuma mara kwa mara. Wengine mgongo hupinda. Kwa hiyo usimkalishe kwa kumwegemeza mito kabla hajapata nguvu ya kukaa mwenyewe. Na usimbebe kwenye mbeleko akiwa amejikunja. Mbebe mikononi, mgongo wake umeshikwa vizuri."

"Mama mkwe wangu atasema namchukia mtoto."

"Mwache aseme. Mgongo ni wa mtoto."

Avelina alianza kuinuka. Nesi akamzuia kwa mkono.

"Kaa. Kuna jambo jingine. Lisikilize, kisha nenda nalo nyumbani, usinijibu leo. Kuna dawa mpya ya sindano. Kwa watoto wakubwa kidogo imesaidia mifupa kurefuka. Kwa wachanga bado hatujui. Hatujui kama itafaa, wala kama ni salama vya kutosha. Ndiyo maana kuna utafiti. Mtoto huchomwa sindano moja kila siku kwa mwaka mzima. Nusu ya watoto wanapata dawa. Nusu wanapata maji ya sindano yasiyo na dawa."

"Nani anachagua?"

"Kompyuta, kama kupiga kura. Mimi sijui nani kapata nini. Daktari hajui. Wewe pia hutajua."

"Mbona mnatuficha?"

"Kwa sababu ya macho yetu. Mzazi akijua mwanawe amepata dawa, atamwona akirefuka hata kama harefuki. Nesi naye ana macho hayo hayo. Tusipojua, tunapima kwa haki."

"Na nikikataa?"

"Umekataa. Kliniki yake itaendelea, na hakuna atakayekununia. Ukikubali, kisha ukachoka baada ya mwezi, unatoka. Na usikubali kwa sababu mimi nimesema. Dawa inaweza kuwasha ngozi. Inaweza kushusha presha, mtoto akalegea. Kwa hiyo lazima anyonye kwanza, ndipo achomwe. Nenda na fomu hii. Muisome wote wawili."

Jumamosi Yustus alirudi. Avelina alimsomea fomu mara tatu. Mara ya tatu Yustus alifungua mdomo.

"Usithubutu," Avelina alisema. "Najua unataka kuuliza nini. Soma mwenyewe."

Yustus alisoma mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili ambayo Avelina hakujua majibu yake, wakampigia Nesi simu, naye akajibu. Jumatatu wakaenda pamoja, wakatia sahihi.

Kokushubira aliposikia, alishika kiuno.

"Mjukuu wangu si panya."

"Si panya, Mama. Anaangaliwa kuliko watoto wote wa kijiji hiki."

"Na kama ni maji?"

"Basi ni maji."

"Mtoto achomwe kila siku kwa sababu ya maji! Mae! Hata mchawi ana huruma kuliko hivyo."

Tangu siku hiyo aliamua kufuatana nao hospitali kila Jumatatu, ili kumlinda mjukuu wake.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Kila Jumatatu Aine alipimwa urefu na uzito, akachomwa sindano mbele ya Nesi. Vichupa sita vya kwenda navyo nyumbani, kimoja kwa kila siku iliyobaki ya wiki, Avelina alipewa mapema, mara tu walipofika. Alikuwa amefundishwa kuchoma mpaka akaweza. Kila kichupa kilikuwa na namba ya mtoto. Namba ya Aine ilikuwa kumi na nne.

"Kila asubuhi soma namba kwa sauti," Nesi alimwambia. "Hata ukiwa na haraka. Hasa ukiwa na haraka."

Kokushubira alimcheka. "Unamsomea mtoto hesabu kabla hajaota meno?"

Avelina alisoma tu. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na nne.

Hospitalini walifahamiana na mama mwingine, Kayitesi, kutoka Murongo. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, wakalima maharage Kyerwa mpaka wakazeekea huko. Binti yake, Anonciata, alikuwa na miezi mitano na hali ile ile ya Aine. Alikuwa mdogo, mwepesi kama kuku wa miezi miwili. Namba yake ilikuwa kumi na tisa. Kayitesi na Kokushubira walipendana upesi. Walikaa benchi moja, wakasimuliana habari za maharage, waume na magoti yanayouma.

Jumatatu moja Avelina alicheleweshwa kwenye chumba cha vipimo. Aine alikataa kulala sawa juu ya ubao wa kupimia. Walimnyoosha mara tatu, akajikunja mara tatu. Mkoba wenye vichupa alikuwa ameuacha benchini kwa mama mkwe wake. Alipotoka jasho likimtiririka, aliwakuta Kokushubira na Kayitesi wakitafuna kahawa kavu, wametulia kama watu waliomaliza kazi.

"Mnafurahia nini?" aliuliza.

"Udugu," alijibu Kokushubira.

Avelina hakuwa na nguvu ya kuuliza zaidi.

Ijumaa asubuhi alimnyonyesha Aine. Alinawa mikono. Alichukua kichupa cha nne na kukinyanyua.

"Kumi na..."

Alikwenda dirishani penye mwanga. Kumi na tisa. Akatoa viwili vilivyobaki. Kumi na tisa. Kumi na tisa.

Kokushubira alikuwa nje, akigeuza kahawa juu ya mkeka.

"Mama, vichupa hivi vimetoka wapi?"

"Hospitali."

"Hivi ni vya mtoto wa Kayitesi!"

"Na vyenu vitatu viko kwake. Tatu kwa tatu. Hakuna aliyeibiwa." Kokushubira hakuacha kugeuza kahawa. "Mmoja wenu ana dawa, mwingine ana maji. Wamesema wenyewe, nusu kwa nusu. Mnakaa benchi moja, kila mmoja anaomba mwenzake ndiye awe na maji. Huo ni Ukristo gani? Wazee wetu walifunga udugu kwa kahawa. Tunda moja, punje mbili, watu wawili. Mimi na Kayitesi tumepasua tunda, tukala. Sasa kila mtoto atapata dawa kidogo na maji kidogo. Mtu gani wa kwetu hula peke yake?"

Avelina alimtazama. Hakukuwa na ubaya katika uso ule. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Ungekuwa ubaya, angejua la kuufanya.

Alimpigia Kayitesi simu.

"Mama Anonciata, umeshampa mtoto vichupa vya Aine?"

Kayitesi akasema taratibu, "Bibi amekwambia?"

"Umempa vingapi?"

"Viwili. Cha jana, na cha leo asubuhi."

"Anaendeleaje?"

"Analala."

"Analala vipi?"

"Analala tu. Titi halitaki. Mikono ni ya baridi. Labda ni usingizi. Leo nilimchoma kabla hajanyonya, nilikuwa nawahi gulio." Kayitesi akaanza kusihi. "Mama Aine, usiseme hospitali. Nakuomba kwa jina la Mungu. Watatutoa wote wawili. Miezi minne ya sindano, yote itakuwa bure. Ngoja nimpe uji mwembamba, atachangamka."

Simu ilikatika.

Kokushubira alikuwa amesimama mlangoni. "Ukiwaambia, umenivua nguo mbele ya watu. Na mtoto wako ametoka. Umesikia alivyosema Kayitesi?"

Avelina alisikia. Alimtazama Aine, aliyekuwa akila kidole chake kwa bidii. Kama vichupa vyake ni vya dawa, na wakitolewa, miguu ile ingebaki bila msaada. Na yeye, mama yake, ndiye angekuwa ameufunga mlango. Kisha akaiona mikono ya baridi ya mtoto asiyetaka titi.

Alipiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya utafiti.

Nesi Benitha alisikiliza bila kumkatiza. Alishusha pumzi mara moja tu.

"Aine amechomwa leo?"

"Bado."

"Usimchome. Nani alivibadilisha, lini, na vilikuwa vingapi?"

Avelina aliona macho ya mama mkwe wake. Akajibu. "Mama mkwe wangu, Kokushubira. Yeye na Kayitesi. Vitatu kwa vitatu, Jumatatu, kwenye benchi."

"Anonciata kachomwa saa ngapi?"

"Leo asubuhi. Kabla hajanyonya. Hataki titi, mikono ni ya baridi."

"Apelekwe kituo cha afya cha karibu sasa hivi. Nawapigia wamngojee. Kuna mtu wako yuko Murongo?"

Yuko. Avelina alimpigia Yustus. Kelele za malori zilijaa kwenye simu.

"Chukua bodaboda, nenda kwa Kayitesi, yule mama wa utafiti, nakutumia namba yake; mpeleke na mtoto kituo cha afya. Mtoto amelegea."

"Kuna nini? Mama amesemaje?"

"Mama ndiye aliyebadilisha dawa!" Avelina alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. "Mtoto wa watu amelegea, Yustus! Tupa huo mzigo, panda pikipiki!"

Yustus hakuuliza tena. Alimkuta Kayitesi ameketi kitandani na kikombe cha uji, mtoto hamezi. Dakika ishirini baadaye walikuwa kituoni. Mganga alimpima Anonciata malaria, sukari na presha. Malaria hakuwa nayo. Presha ilikuwa chini. Alitundikiwa dripu, akafunikwa vizuri. Daktari wa utafiti alikaa kwenye simu na mganga muda wote. Saa sita mchana Anonciata alifungua macho, akalia kwa hasira, akalitafuta titi.

Kayitesi alilia kuliko mtoto.

Kesho yake wote waliitwa hospitali Kayanga. Anonciata alikuwa amelazwa huko ili aangaliwe. Nesi Benitha aliwakalisha Avelina, Kayitesi na Kokushubira chumbani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu Kokushubira, akitafuna kahawa na kutazama ukuta.

"Bibi, nani alikwambia kwamba mmoja wao ana dawa na mwingine ana maji?"

"Ninyi wenyewe. Nusu kwa nusu."

"Nusu ya watoto wote wa utafiti, bibi. Si nusu ya benchi. Kila mtoto alipigiwa kura peke yake. Huenda hawa wawili wote wana dawa. Huenda wote wana maji."

Kokushubira aliacha kutafuna. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Tena angalia," Nesi aliendelea. "Kichupa cha Aine kimejazwa kwa uzito wa Aine. Ana kilo saba na zaidi. Anonciata hajafika tano. Kama kina dawa, ulimpa mtoto mdogo dozi ya mkubwa. Ungempa mtoto wa darasa la kwanza mzigo wa mtu mzima?"

"Nilitaka wote wapate."

"Najua ulitaka wote wapate. Bibi, wewe ni mkulima. Ukitaka kujua kama samadi mpya inafaa, unafanyaje?"

"Naiweka upande mmoja wa kibanja changu cha migomba. Upande mwingine siweki. Nangoja mikungu."

"Na jirani akija, kwa huruma yake, akaitawanya samadi ile pande zote mbili?"

Kokushubira alikunja uso. "Nitajuaje sasa? Amenipotezea msimu."

"Basi."

Kayitesi alijifuta pua kwa kitenge.

"Si watoto hawa wawili tu," Nesi alisema. "Kuna watoto ambao hawajazaliwa. Siku moja mama mmoja atauliza kama dawa hii inafaa kwa mtoto mchanga. Tukivuruga hesabu, atajibiwa uongo. Ataambiwa inafaa wakati haifai, au haifai wakati ingemsaidia."

Avelina hakuweza kujizuia. "Nesi, presha ya Anonciata ilishuka alipopewa kichupa chetu. Kwa hiyo chetu ndicho chenye dawa?"

"Sijui."

"Lakini..."

"Sijui, mama. Alichomwa akiwa na njaa. Mtoto mwenye njaa naye hulegea. Wapo watu maalumu wanaoweza kufungua siri hiyo kwa ajili ya usalama. Mimi si mmoja wao, na nisingekwambia."

Avelina aliuma meno. Kila mtu katika dunia hii alikuwa na jibu kwake, isipokuwa mtu mmoja aliyesoma.

"Mtatutoa?" aliuliza Kayitesi.

"Sindano zinasimama leo kwa wote wawili. Naandika taarifa kwa kamati inayolinda usalama wa watoto. Wao ndio wataamua. Nitaandika kila kitu. Nitaandika pia nani alipiga simu, na saa ngapi." Nesi alivua miwani yake, akaupapasa uzi. "Na nitaandika kosa langu. Nilimweleza mama, nikamweleza baba. Bibi aliyekuwa akikaa kwenye benchi kila Jumatatu sikumweleza kitu."

Wiki tatu zilipita bila sindano. Kayitesi hakupokea simu ya Avelina. Kokushubira alipika chakula chake mwenyewe, akala akiwa amegeukia ukuta. Barua ikaja. Kamati iliwaruhusu watoto wote wawili kuendelea, ila siku zile za vichupa vilivyobadilishwa ziliandikwa pembeni, zisichanganywe na hesabu nyingine.

Mambo yalibadilika hospitalini. Vichupa sasa vilitolewa mwisho kabisa, mzazi akiwa anaondoka, ndani ya mfuko uliofungwa wenye rangi ya kila mtoto. Aine alipewa bluu, Anonciata njano. Asiyejua kusoma aliweza kuona tofauti. Na kila mwezi Nesi aliwaita bibi na babu wote chumbani kwake. Kokushubira alikwenda mara ya kwanza kwa kulazimishwa. Mara ya pili aliuliza maswali. Mara ya tatu alimkaripia bibi mmoja kutoka kijiji cha Ndama aliyesema sindano moja ikirukwa haidhuru.

Mwezi wa pili baada ya barua, Kayitesi alipiga simu.

"Mama Aine. Nilikuchukia."

"Najua."

"Jana Anonciata amegeuka mwenyewe, kutoka mgongoni mpaka tumboni. Nikakaa chini nikawaza. Kama ungeninyamazia siku ile..." Hakumaliza. "Nakuletea maharage Jumatatu."

Msimu wa kahawa ulikwisha. Aine alikaa mwenyewe, mgongo umenyooka, bila mto. Kwenye ubao wa kupimia alilala sawa, na mstari wake kwenye karatasi ya Nesi ulipanda. Kama ulipandishwa na dawa au na umri wake tu, Avelina hakujua, na alijifunza kuishi bila kujua. Mwaka ukiisha, watoto wote watapewa dawa yenyewe, hata waliokuwa kwenye maji. Hilo lilikuwa kwenye fomu tangu mwanzo.

Lakini nyumbani jambo moja lilibaki. Jumapili baada ya ibada, Habumugisha, baba mkubwa wa Yustus, alifika. Alikaribishwa, akatafuna kahawa, akala matoke. Kisha akasafisha koo. Yustus alikuwa amempakata Aine. Kokushubira alikaa mkekani, kichwa ameinamisha.

"Mkamwana," alisema Habumugisha, "hakuna anayesema ulikosea kupiga simu. Mtoto wa watu alipona, tunamshukuru Mungu. Tunachosema ni kwamba ulimtaja mama yako kwa jina. Likaandikwa. Ungesema tu kwamba vichupa vimechanganyika."

"Vimechanganyika vyenyewe, baba mkubwa? Vilitembea?"

"Nisikilize. Mama yako ameumia. Hatutaki makubwa. Debe moja la pombe ya rubisi na neno moja la samahani. Tunakunywa, yanaisha."

Wote walimgeukia Avelina. Yeye alimgeukia Kokushubira.

"Mama, nakuheshimu. Ulitaka kugawa, na kugawa si kosa lako, ndivyo ulivyolelewa. Shikamoo nitakupa kila asubuhi. Ukiugua nitakuogesha." Kisha akamtazama Habumugisha. "Lakini Nesi aliniuliza nani, vingapi, na lini. Alihitaji majibu matatu. Ningesema vimechanganyika, angeyatafuta mpaka jioni. Anonciata hakuwa na muda wa kungoja mpaka jioni."

"Tumelielewa hilo, mwanangu. Sema tu samahani, kwa ajili ya amani."

"Rubisi sitapika," alisema Avelina. "Na samahani siombi. Siombi leo, siombi Krismasi, siombi."